Sufuria la Walima

Mimi ni mbeba mizigo katika hoteli moja Diani, na nguvu zangu nilizipenda kupita kiasi. Siku moja nilimpandishia mgeni wa Kichina masanduku matatu hadi ghorofa ya tatu, kwa safari moja. Alikuwa bibi, mwalimu mstaafu. Alicheka, akanifundisha msemo wa kwao wa maneno manne, maana yake mtu huyu ana nguvu za kuinua chungu cha shaba. Zamani, alinieleza, kwao kulikuwa na vyungu vikubwa vya miguu mitatu, vya kupikia nyama ya matambiko, na mwanahistoria wa kale aliandika kwamba jemadari fulani aliweza kuinua kimoja peke yake. Siku hizi husifiwa hivyo hata mwandishi mwenye kalamu nzito. Hilo la kalamu sikulitilia maanani. Nilishika la jemadari, nikavimba kichwa.

Mwezi huohuo dada yangu alikuwa akimwoza bintiye wa pekee, huko Msambweni. Dada ni mpishi wa shughuli. Mtaa mzima ulimtegemea, na pilau ya walima ya mwanawe aliitaka iwe ya kusemwa. Kwetu sufuria la shughuli hushushwa na watu wawili, huyu sikio hili, yule sikio lile. Hata uwe nani, hulibebi peke yako.

"Ngoja, mdogo wangu, shemejiyo yuaja akusaidie," dada aliniambia. Nyuma ya ua wa makuti tulikuwa sisi wawili tu.

"Dada, mimi hunijui? Wachina wenyewe wamenikubali!"

Nilimsimulia habari za jemadari huku nimeshaliinua. Nilikwenda hatua tano. Ya sita mguu ulizama mchangani, sufuria likalala ubavu, na zaidi ya nusu ya pilau ikamwagika.

 Dada alipiga magoti, akachota ya juu isiyoguswa na mchanga, akaipakua kwenye masinia. Ilitosha watu wa bwana harusi tu, waliotoka Kikoneni. Watu wetu walikunywa chai kwa mahamri. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Wazee wakaja kuuliza kulikoni. Nikafungua kinywa, dada akanitangulia.

"Niwieni radhi. Tulishika pamoja, mimi nikateleza."

Nami, Mungu anisamehe, nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu bado nilitaka waniite mtu wa nguvu.

Tangu hapo harusi zimepita kadhaa, na dada haitwi tena jikoni. Watu humkalisha barazani achambue mchele, wakimwambia apumzike, miguu imechoka. Yeye huchambua tu, na nikimsalimu huniuliza kama kazini ni salama.

Juzi, kwenye harusi ya jirani, waliniita nikasaidie kushusha sufuria. Njia ilipita barazani. Dada alikuwa amenyoosha miguu, ungo mapajani. Aliikunja upesi ili nipite.