Mabawa ya Taa ya Jukwaani

Jumanne nilikuwa soko la Kariokor nikingoja kiatu changu kishonwe, akaja bwana mmoja kwa fundi wa majiko aliye jirani, amekumbatia taa kubwa nyeusi kwa mikono miwili. Alisema yeye ndiye mtu wa taa katika ukumbi wa maigizo wa chuo kikuu. Mabawa manne ya bati yanayoelekeza mwanga yalikuwa yameng'oka, na mengine yangeagizwa ng'ambo.

"Mchezo ni Jumamosi," alisema. "Bila haya mwanga unawapiga watazamaji machoni."

Fundi aliipindua taa, akachungulia ndani. "Inapata moto sana?"

"Sana. Bati jepesi litapinda."

"Mzee, mimi hutengeneza jiko," fundi akajibu bila kuinua kichwa.

Akakata bati la pipa, akalikunja, akatia bawaba. Yule bwana aliyafungua na kuyafunga mabawa mara tano, kisha akatoa tikiti mbili. Moja alinipa mimi, nadhani kwa sababu nilikuwa nimekodoa macho muda wote.

Jumamosi alasiri tuliketi pamoja. Mfalme aliuawa, na mama mmoja mbele yetu akalia kwa sauti. Fundi alikuwa amepinda shingo, akitazama taa zilizoning'inia juu yetu.

Tulipotoka nilimwuliza ameuonaje mchezo.

"Mzuri sana," alisema. "Hakuna hata bawa moja limepinda."

Wahakiki wa magazeti wamewasifu waigizaji. Taa nimeisikia ikisifiwa na mtu mmoja tu.