Dekoda Ambayo Fundi Haigusi

Yule fundi wa antena wa Kamembe hupuliza flashi mara tatu kabla ya kuichomeka, kama anayepoza chai. Kwa kila aliyechoka kulipia televisheni kila mwezi ana maneno yaleyale, laini kama mafuta: "Maman, chukua dekoda mupya, inarekodi vipindi vya shene za bure yenyewe. Ama hii ya zamani tuiwekee programu mupya." Mteja wake Mukansanga alikubali programu, lakini alimweleza mapema kwamba ndani, kwenye flashi, mna ibada ya Pasaka aliyoirekodi iliporushwa hewani, marehemu mama yake akiimba kwaya. Sasa, kwa programu mpya, ibada hiyo haifunguki. Amerudi na flashi yake, amewaka hasira, na huyu bwana, badala ya kuomba radhi, anapangusa rimoti kwa pindo la shati na kuisifia dekoda mpya!

Ndipo Mukansanga anapoiona dekoda ya fundi mwenyewe juu ya rafu, kuukuu, sawasawa na yake.

"Na ile yako uliiwekea programu lini?"

Kidole gumba chenye makovu ya kulehemu kinaganda juu ya rimoti.

"Ile siigusi, Maman. Ndani muko mutoto wangu, siku alionekana kwenye televisheni."

"Na ndani ya yangu nilikuambia muko nani?"

Fundi anachukua flashi ya Mukansanga, anaipuliza mara tatu na kuichomeka kwenye dekoda yake mwenyewe, ile ya rafuni.