Garissa: afisa wa kilimo aliyewaachia vijana waamue kati ya vitunguu na ngamia

Wakuu, salamu kwenu nyote humu. Mwenye haraka apite tu, hii naisimulia polepole na sijaongeza chumvi.

Mimi ni fundi wa pampu za maji, mtu wa kuhamahama. Nimekaa Voi, Kitale, Lodwar. Kila nikizoea mahali, miguu inaanza kuwasha.

Garissa nilifika na lori la viazi kutoka Nyahururu. Lilituharibikia baada ya Mwingi, tukalala Ukasi, kesho yake jua likatukaanga mpaka daraja la Tana. Nia yangu ilikuwa kufunga pampu moja niondoke.

Nilikaa miaka.

Aliyenikalisha ni afisa wa kilimo mmoja, mzaliwa wa huko. Vijana walimwita Adeer, yaani baba mdogo. Kazi ya ugani aliianza akiwa kijana, akazeekea humo: Banissa, Lafey, kisha nyumbani. Transfa ya Nairobi aliikataa.

Wanafunzi wake walikuwa watoto wa wafugaji waliomalizwa na ukame. Na jamani, kumwambia mtoto wa mwenye ngamia ashike jembe si mchezo. Kwao ni kama kutangaza umaskini. Adeer hakuwahubiria. Alivua viatu, akaingia mtaroni nao.

Kundi moja liliazimwa ardhi na wazee kando ya mto, msimu mmoja wa majaribio. Wakivuna vizuri, waendelee. Wakishindwa, ardhi irudi. Kiongozi wao alikuwa Fardosa, binti mwenye ulimi mkali na mikono isiyochoka.

Walipofyeka mathenge, ile miti ya miiba inayovamia kila mahali, walikuta kipande chenye udongo mweusi ajabu. Vitunguu vikanona pale kuliko kwingine kote. Wakazungusha ua wa miiba.

Sasa sikieni. Weusi ule ulikuwa samadi ya miaka mingi. Pale palikuwa malka, njia ya mifugo kushuka mtoni. Baada ya ukame ule mvua zilikuwa nzuri miaka kadhaa, mifugo ikapata maji kwingine ikawa haiji, njia ikamezwa na mathenge.

Kiangazi kikarudi. Majani ya vitunguu yameanza kulala, mavuno yananukia, ndipo wakatokea wachungaji na ngamia wao kutoka upande wa Wajir.

Mzee wao alinikuta kwenye pampu ya shamba. Akaona sura ngeni, akadhani shamba ni langu.

"Ngamia yangu anakunywa hapa tangu babu yangu," akaniambia kwa Kiswahili. "Wewe nani amekuambia mto iko na mlango?"

Vijana wakaja mbio. Mmoja akamwambia aende malka nyingine. Ilikuwa mbali, na ngamia wengine walishapiga magoti kwa kiu. Fimbo zikaanza kuinuka.

Wote wakamtazama Adeer. Nilidhani atapiga simu polisi. Aliongea Kisomali, nami nilishakijua kiasi.

"Njia hii niliijua. Nikaona vitunguu vimependeza, nikanyamaza. Kosa hilo ni langu. Lakini shamba ni lenu, semeni nyinyi."

Kisha akakaa chini kwenye vumbi.

Fardosa aliwaangalia wale ngamia. Ngamia wa mwisho wa babake alifia njiani akitafutiwa maji, na kila mtu pale alilijua hilo.

"Abti," akamwambia yule mzee, kama mtu anavyomwita mjomba wake, "watasubiri kidogo tung'oe vya njiani?"

"Mkinipa kazi, watasubiri."

Tukaingia wote, wachungaji pia. Mzee alibeba vitunguu kwenye shuka lake, akilalamika kwamba mkewe akisikia atamcheka mpaka Idi. Kisha Fardosa akavuta miiba kwa mikono yake, ngamia wakashuka.

Vitunguu vile havikuwa vimekomaa sawasawa, viliuzwa kwa bei ya kutupa. Mavuno yalikuwa haba. Wazee wenye ardhi walipokuja kukagua msimu, Adeer aliwaeleza yote bila kupamba. Walijadiliana mpaka adhuhuri.

Wakasema watu walioifungua malka wenyewe, bila kulazimishwa, wanaweza kuachiwa ukingo wa mto. Ardhi ikabaki kwa vijana.

Siku niliyoondoka kabisa nilipita kuaga. Adeer alikuwa ameshastaafu. Nikamkuta Fardosa na vijana wapya. Majembe yalikuwa bado yamelala chini. Alikuwa anawatembeza kwanza kwenye njia ya ngamia, mpaka majini.

Nilichojifunza: kumfundisha mtu kulima ni kazi, lakini kumwachia uamuzi wakati mavuno yake yako hatarini ni kazi kubwa zaidi. Sijaona mwingine aliyeiweza vile.

Haya, mwenye Adeer wa kwao atuambie habari zake. Na mnaojua malka, nikosoeni pale nilipoteleza.