Mwenyekiti Anaposhuka Kitini

Nakumbuka asubuhi moja kule Gendabi, mahindi ya kaka yangu Safari yalipoliwa na ng'ombe. Nakuandikia, mwanangu, kwa sababu umenipigia simu kwamba wamekuchagua mwenyekiti wa kamati ya maji hapo Bashay. Mimi niliishia darasa la saba, sijui kama naandika sawasawa. Lakini hili nililiona mwenyewe.

Nilikuwa mwenyekiti wa kitongoji, kijana bado, na cheo kilinipendeza mno. Hata mama yako alinitania: "Mwenyekiti, ugali uko tayari." Siku iliyofuata niliitisha mkutano. Watu walikaa kwenye mabenchi, mimi kwenye kiti kimoja chenye mikono kilichoazimwa shuleni. Safari alimlaumu Gidahoda, jirani yetu mfugaji, akataka alipwe ng'ombe jike, mtamba. Nami nilijua Gidahoda alikuwa na mtamba mmoja tu.

Gidahoda akasimama. "Ndugu mwenyekiti, siku hiyo ng'ombe wangu walikuwa joshoni wakiogeshwa dawa."

"Mwenyekiti ameshasikia," nikamkata. "Kaa. Utatoa mtamba."

Akakaa. Watu wakatazama chini. Nilidhani ni heshima. Leo nadhani walikuwa wananionea aibu.

Ndipo Mzee Tluway, ambaye ni mkulima kama sisi, akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, naomba nafasi. Shamba ni la nani?"

"La Safari, mzee."

"Safari ni nani kwako?"

"Kaka yangu."

"Basi shuka hapo, ukakae naye benchi. Ukiwa na neno, utanyoosha mkono kama mimi."

Watu wakacheka. Niliwaka. Nikamwambia, "Mzee, mimi nimechaguliwa."

"Tulikuchagua ukae hapo ili wengine waseme. Leo unataka kusema wewe. Njoo huku tunakosemea."

Nilishuka. Sitadai nilishuka kwa hekima. Nilishuka kwa sababu hakuna aliyenitetea, hata Safari. Mkutano ukamchagua Mama Paulina aongoze jambo lile tu. Kijana mmoja wa nyuma akauliza, "Sasa huyu tumwiteje? Mwenyekiti wa kike?"

"Mwenyekiti inatosha," akajibu Mama Paulina. "Kaa, baba, tuanze."

Akampa Gidahoda nafasi, akamwacha amalize. Akamwuliza msimamizi wa josho, naye akasema kweli ng'ombe wale aliwaona, ila hakumbuki waliondoka saa ngapi. Kisha Mama akauliza swali ambalo mimi sikuuliza: nani amefuata nyayo? Hakuna. Wakatumwa watu watatu, wawili wakulima na mmoja mfugaji. Walirudi wakasema nyayo zimetoka shambani hadi barabara ya mnadani, pale zimechanganyika na za ng'ombe wengi. Haikujulikana. Mtamba akabaki kwa Gidahoda, na tukakubaliana pande zote mbili tutengeneze uzio pamoja.

Safari alikasirika, na sikatai kwamba alipata hasara kubwa. Huenda ni ng'ombe wa Gidahoda, huenda siyo. Mpaka leo sijui. Ninachojua ni kwamba nilikuwa tayari kumnyang'anya mtu mtamba wake bila kujua.

Kesho yake nilikutana na Gidahoda kwenye uzio, amebeba miiba. Nilitegemea anipite. Akasimama, akasema, "Habari ya asubuhi, mwenyekiti." Sikuona kejeli usoni mwake, nami nilimtazama vizuri. Nikashika upande mmoja wa ule mzigo, tukaanza kazi.

Kwa hiyo, mwanangu, wakikuita mwenyekiti, itika, ni jina la kazi yako. Usijiite mwenyewe. Anayetaka kusema apitie kwako, nawe umsikilize hadi mwisho, hasa yule usiyempenda. Likija jambo la bomba linalopita shambani kwetu, au la ndugu yako yeyote, usingoje mzee akushushe. Sema mwenyewe, "Hili linanihusu," umpe mwingine kiti, mwanamume au mwanamke, naye mwite mwenyekiti kama wanavyokuita wewe. Uende benchi, unyooshe mkono.

Mungu akupe subira ya kusikiliza watu. Na siku utakapoachia kiti hicho, ukute jirani yako bado anasimama njiani kukusalimia.