Siku Tulipozishindanisha Seva Nyamira

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha kompyuta, Meneja wa chama chetu cha ushirika wa majani chai pale Nyamira alinikabidhi ufunguo na kitambaa cha kufutia vumbi. "Kijana, hizi mashine zinaogopa vumbi kuliko unavyoniogopa mimi," akasema. Nyinyi vijana chekeni tu. Cheo changu kilikuwa Ofisa wa Kompyuta, na mke wangu alishawatangazia wanawake wote wa soko la Daraja Mbili.

Mwishoni mwa miaka ya tisini tukaamua makarani wote wafungue kumbukumbu za wakulima kwa brauza, kwa wakati mmoja. Hapo ikahitajika seva ya programu za Java, yaani programu inayokaa katikati, inapokea maswali ya kila karani na kuyajibu bila kuwachanganya. Nilipendekeza ya bure, niliyoipata kwenye sidii iliyokuja na gazeti la kompyuta. Muuzaji mmoja akaja kutoka Nairobi na ya kununuliwa, amevaa tai nyekundu. Meneja aliipenda ile tai.

"Tutazishindanisha," akasema. "Yako ikishindwa, urudi kituo cha Nyacheki kupima majani."

Lo! Mizani ya Nyacheki niliikimbia kwa masomo ya jioni, miaka mingi. Nirudi huko, na mke wangu ameshatangaza? Afadhali kuhama wilaya.

Siku ya shindano, kompyuta mbili za aina moja ziliwekwa ukumbini, kila moja na seva yake, na makarani wakaketi kwenye mashine zao. Firimbi ikilia, wote wangebonyeza pamoja: kwanza seva ya muuzaji, kisha yangu. Tukaziwasha zote mbili. Lakini kwetu hakuna mkutano unaoanza bila maombi, na Mwenyekiti, mzee wa kanisa, haombi kwa haraka. Alianza na mvua, akapita kwa wagonjwa, akaingia kwenye mbolea. Nimefumba macho, nikasikia kando yangu: ta-ta-ta-ta. Muuzaji alikuwa anabonyeza!

Nikaelewa papo hapo. Seva ya Java ikitoka kuwashwa ni nzito kama jiko la mkaa. Maswali ya kwanza huyajibu kwa kujikokota, kwa sababu bado inapakia na kutafsiri programu. Ikishapata moto, inakimbia. Yule bwana alikuwa anaipasha moto yake huku sisi tunazungumza na Nyasae, Mungu wetu!

Amina. Firimbi. Yake ikajibu kabla Meneja hajaitoa firimbi mdomoni. Ikaja zamu ya yangu. Meneja akapiga miayo, akatazama saa, akanitazama mimi. "Ofisa, mizani bado unaikumbuka?"

Nilitaka kupiga kelele. Lakini ukimshtaki mtu kwa alichofanya wakati wa maombi, swali la kwanza ni moja: wewe macho yako yalikuwa wapi? Nani angeamini kwamba nilisikia tu? Nikasimama, jasho linanitoka.

"Omogaka," nikamwita Mwenyekiti kwa heshima ya mzee, "tumeuombea mkutano, lakini seva zenyewe bado. Naomba tuzizime, tuziwashe upya, tuombe tena. Na safari hii tushikane mikono."

"Buya mono! Vizuri sana!" akasema, amefurahi kweli.

Nikaukamata mkono mmoja wa muuzaji. Karani mmoja, mama mwenye vidole vya mchuma chai, akaukamata wa pili. Jamaa akakohoa, akajipindapinda. Hatukumwachia.

Firimbi ikalia. Yake ikajikokota kuliko yangu, maana ilitaka memori nyingi kuliko iliyokuwa nayo mashine yetu. Tukarudia, zote zikiwa zimepata moto, na yangu ikatangulia tena. Meneja hakutaja mizani. Nikabaki na kazi yangu.

Sasa nimestaafu, nafuga ng'ombe Sironga. Vijana wakiniletea habari za kasi ya seva, huwauliza kwanza ilikuwa imewashwa kwa muda gani kabla ya kupimwa. Wananiona mzee msumbufu, na sijali. Siku ya kuniaga, Mwenyekiti alinivuta pembeni.

"Siku ile, hata mimi nilimsikia yule wa Nairobi akigongagonga."

"Sasa mbona hukusema, Omogaka?"

"Ningekatishaje maombi? Nikayarefusha tu, nikingoja aone aibu aache."

Nilicheka mpaka machozi. Mzee wa watu! Kila dakika aliyoongeza ilizidi kuipasha moto ile seva. Nusura anirudishe Nyacheki kwa maombi.