Chui Aliyeitwa Duma

Juzi nikiwa kwenye duka la uchapaji mtaa wa River Road kuchapisha kadi za harusi ya mpwa wangu, nilimkuta mkubwa wa mbuga fulani na askari wake wa wanyamapori wakikagua bango la semina kwenye kompyuta. Liliandikwa "Kiongozi Bora Husikiliza". Chini palikuwa na picha ya chui na maneno "Duma Wetu".

"Afande, huyo si..." askari akaanza.

"Ngoja, naongea."

Askari akajaribu tena. Mkubwa akamwinulia kiganja, akaagiza lichapishwe, akatoka nje kupokea simu.

"Ulitaka kusema nini?" mama wa duka akamuuliza.

"Huyo ni chui, si duma."

"Nibadilishe?"

Askari akachungulia mlangoni, akatabasamu.

"Chapa tu, mathe. Afande ashaamua."

Mkubwa asiyesikiliza hapingwi, ndugu zangu. Hutiiwa.