Bomba Lililokunywa Alumini

Pale maabarani walimwita Mama Tanuri, ingawa hakuwa na mtoto. Alikuwa na tanuri, na ndani ya tanuri hilo aliotesha nyaya za oksidi ya zinki, nyembamba kiasi kwamba unywele mbele yake ni gogo.

Shangazi yake, aliyekuwa akiishi naye, hakuchoka kumtania. "Wenzako wanasoma ili wasafishe vitu. Wewe umesoma mpaka uzamivu ili uvichafue?"

Na kweli, kazi yenyewe ndiyo hiyo. Waya safi ukipigwa leza hutoa mwanga wake uleule siku zote. Utie alumini kidogo, mwanga husogea upande wa urujuani. Zidisha, nao hufifia. Kujua utie kiasi gani ili mwanga usogee mpaka wapi, hapo ndipo ilipoishia miaka yake ya ujana.

Majibu yalikuja matamu. Mwanga ulisogea mara mbili ya alivyotarajia, na Profesa, msimamizi wake, akaita jopo la kumtahini. Ungedhani mtu angetulia ale raha. Yeye akaotesha nyaya safi, zisizo na alumini hata chembe, apate za kulinganisha. Nazo zikasogeza mwanga. Alijua sababu papo hapo. Bomba la kioo linalokaa ndani ya tanuri hutumiwa kwa mchanganyiko mmoja tu, halitiwi mwingine. Yeye aliwahi kuotesha humo nyaya zenye alumini tele, akaliosha kwa asidi, akaona yamekwisha. Kumbe kioo kilikuwa kimekunywa alumini, na kila kikipata moto kinaitema.

"Zile safi usizionyeshe," Profesa alimwambia. "Chukua shahada yako, mengine utarekebisha baadaye."

"Na mtu akifuata kipimo changu, akakosa?"

"Atadhani amekosea yeye."

Maneno hayo ndiyo yaliyompandisha mori. Mficha uchi hazai, na Profesa alikuwa anataka kumfichia uchi wake kwa aibu ya mtu mwingine.

Bomba jipya lilikuwa moja tu, kwenye kabati la Profesa, limewekewa utafiti wake mwenyewe. Mama Tanuri hakuomba. Alilitoa mchana kweupe, mlango wazi, watu wakipita, akalifunga kwenye tanuri. Mwenzake wa meza ya pili akamnong'oneza kwamba anajitia kitanzi.

"Shingo ni yangu," alijibu, akaendelea kukaza skrubu.

Siku ya jopo aliweka michoro miwili ubaoni, wa bomba la zamani na wa bomba jipya. Katika ule mpya mwanga wa nyaya safi ulitulia mahali pake, na zenye alumini zilisogeza mwanga, lakini nusu tu ya ule uliosifiwa.

"Kosa ni langu," alisema. "Bomba lilikuwa chafu. Nusu hii ndiyo niliyoitia mimi kwa kukusudia."

Profesa alikuwa amevimba. "Nani alikuruhusu kutumia bomba langu?"

"Hakuna."

"Na unajua kwamba kwa majibu haya utarudia mwaka mzima?"

"Nitarudia. Lakini mtu yeyote akitia alumini kiasi nilichosema, mwanga utafika pale niliposema."